Fito ya Fundi Banza

Kamina, siku moja kabla ya treni

Ngoie mwanangu,

Umetoka na mama yako kwenda kuaga watu wa kwaya, na mimi najua kuaga kwenu: kila mlango mtaambiwa kaeni kidogo. Nimevuta meza mpaka mlangoni nipate mwanga, kwa sababu macho ya dessinateur, mchoraji wa ramani za nyumba, yakifika miaka sitini na minne yanadai jua. Nilianza kukuandikia kwa Kifaransa. Mistari mitano tu, ikawa ripoti ya kazi, na mimi pale chini nasubiri kutia sahihi. Nikaichana.

Mambo ya njiani sitayagusa. Simu uiweke wapi, usile nini kwenye gare treni ikisimama, nani atakupokea Lubumbashi, mama yako ameyaanza tangu Jumatatu na hajapumzika. Mimi nina jambo moja, nalo linahusu sanduku.

Unalijua lilivyo. Ngozi nyeusi juu, kitambaa cha zambarau ndani, na kila chombo kina kitanda chake: kompa kubwa ya kuchorea duara, kompa ndogo, ile kompa ya ncha mbili isiyochora kitu bali hubeba tu kipimo kutoka hapa mpaka pale, na tire-ligne tatu, kalamu zile zenye midomo miwili ya chuma na skrubu ndogo ubavuni. Chini yake kuna équerre ya mti, ya kuchorea pembe ya mraba, na kutch, rula ile ya pande tatu yenye vipimo sita. Kesho nataka uondoke nalo. Unakwenda kusomea kujenga manyumba, na hata kama huko wanachora kwa mashine, ningependa likae mezani kwako. Lakini siwezi kukupa kabla hujajua lilinifikia kwa njia gani. Mama yako nilimwambia wiki iliyopita. Wewe ni wa pili.

Barua hii nitaiweka juu ya valizi yako ya nguo, uisome asubuhi kabla hatujatoka. Ukimaliza, ukaona sanduku hulitaki, liache mezani. Sitanuna. Na unajua kununa kwangu, kwa hiyo ahadi hiyo si ndogo.

Kwanza nikuombe msamaha wa kitu kidogo, tuzoee. Ulikuwa na miaka tisa. Nilirudi nyumbani nikakuta umechukua tire-ligne ya kati, umeichovya ndani ya kichupa cha wino mpaka shingoni, kama mtu mwenye njaa anavyochovya tonge la bukari kwenye mchuzi, na umechora nyumba kwenye daftari lako la hesabu. Ilikuwa na madirisha manne na doa kubwa la wino mahali pa mlango. Nilifoka mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa. Ningeweza kukaa chini dakika mbili nikakuonyesha kwamba tire-ligne haichovywi: unachukua tone la wino kwa kijiti, unalitia katikati ya midomo miwili, unapangusa nje, unajaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi. Ukikaza skrubu mno, wino hautoki. Ukiilegeza mno, unamwagika wote. Dakika mbili tu. Badala yake nilifunga sanduku kwa ufunguo, na wewe hukuligusa tena miaka sita. Nilidhani nimekasirikia wino. Kumbe sikupenda kuliona liko wazi.

Sanduku lilikuja na mzungu mmoja, architecte, msanifu wa majengo, wa wakati wa reli. Herufi za jina lake bado ziko ndani ya kifuniko, nusu zimefutika. Alipoondoka alimwachia Mutombo, ambaye baadaye alikuwa chef wangu, mkubwa wangu wa kazi, katika bureau ya plan, ofisi ya kuchora ramani. Mutombo aliingia kazini kama mwoshaji. Wazungu walichora mchana, yeye jioni aliosha tire-ligne, akapangusa kompa, akanoa penseli. Miaka ikapita wakamruhusu calque, yaani kulaza karatasi nyembamba inayopitisha mwanga juu ya plan ya mtu mwingine na kufuata mistari yake kwa wino. "Miaka kumi na moya," alikuwa anatuambia, "nilipitaka tu juu ya mistari ya bengine. Hata ukuta moya haukukuwa yangu." Plan yake ya kwanza mwenyewe ilikuwa choo cha gare. Alikichora kwa heshima yote ya kanisa, na mpaka leo kile choo hakina ufa.

Siku yangu ya kwanza hakuniuliza diplome. Alinipa équerre akaniuliza kama iko sawa. Nikaitazama, nikasema iko sawa, si imetoka Ulaya? Akacheka. Akaniambia nichore mstari wa kusimama, kisha niigeuze équerre, mgongo uende kushoto, nichore tena palepale. Équerre ikiwa ya kweli, mistari miwili inalaliana. Ikiwa na kosa, mistari inaachana, na kosa unaliona mara mbili ya ukubwa wake. "Upande moya hauwezi kujipima," alisema. "Igeuze." Hilo nililishika siku ileile, na nadhani nawe utaliona lina faida, hata mbele ya mashine. Kugeuza vitu vingine kulinichukua muda zaidi.

Sasa Fundi Banza. Humjui, aliondoka Kamina kabla hujazaliwa, lakini jina lake unalo mdomoni tangu utoto. Mtu akikata kitambaa kikawa kifupi, akikata ubao usifike, hapa Kamina tunasema amekata Banza. Mwaka jana ulikata ile sketi yako ya Pasaka ikagoma kufika magotini, ukaingia sebuleni unacheka, "Baba, nimekata Banza." Nilitoka nje nikaenda kusimama karibu na kisima, na wewe ukadhani nimechukia sketi. Leo nakuambia: Banza alikuwa mtu, na hajawahi kukata kitu kifupi maishani mwake.

Alikuwa seremala wa bureau. Mrefu, kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka, mtu wa shamba upande wa baba na mama, na wa misa ya kwanza kila Jumapili. Sisi Wamethodiste tulimtania kwamba Wakatoliki wanasali mapema wapate kumaliza kabla Mungu hajaamka. Yeye alijibu kwamba sisi tunaimba sana kwa sababu hatuna uhakika kama anasikia. Kusoma alisoma kidogo, sala na jina lake. Namba za plan hakuzitaka kabisa. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na mafundi wengi wa wakati ule walifanya hivyohivyo. Alikuja bureau na fito begani, ya mti wa mulombwa, imerandwa ikang'aa, mita nne na kidogo. Aliilaza juu ya meza yangu, ncha moja ikitokea dirishani. Mimi nilisoma kipimo kwenye plan, nikakipima kwa mita juu ya fito, na yeye akakata alama kwa kisu. Dirisha lilikuwa na alama yake, mlango yake, paa yake, kila moja na sura yake. Kwa fito moja alijenga nyumba nzima. "Namba inapoteaka mu kichwa," alisema. "Fito haisahabu."

Kazi ilikuwa zahanati, upande wa Kabondo-Dianda. Kuta zilikuwa tayari, za matofali mabichi. Mbao za paa zikatwe hapa Kamina, zipelekwe kwa wagon. Plan ilikuwa ya zamani, na pale penye paa mende walikuwa wamekula kona pamoja na namba zake. Hapakuwa na kipimo cha kusoma. Ilibidi nipime mstari wenyewe kwa kutch.

Kutch, nimekwambia, ina vipimo sita, na unaigeuza mpaka upate kile cha plan yako. Plan ile ilikuwa ya moja kwa mia na ishirini na tano, yaani sentimita moja ya karatasi ni mita moja na robo ya nyumba. Asubuhi ile kutch ililala mezani upande wa moja kwa mia ukiwa juu, kwa sababu nilikuwa nachora kitu kingine. Sikuigeuza. Hakuna zaidi ya hapo, wala sikuwa nimelewa, wala sikuwa na homa. Nusu ya paa, kutoka ukutani mpaka katikati, ilikuwa mita nne. Mimi nikasoma tatu na ishirini.

Banza aliweka kisu juu ya fito lakini hakukata.

"Tatu na makumi mbili?" akauliza. "Ile nyumba ya bagonjwa iko kadogo vile? Bitanda bitaingia wapi?"

"Ni plan njo inasema vile."

"Mwana, angaria tena."

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Kwenye meza ya pili alikaa dactylo wa bureau, msichana niliyetaka sana anione mtu mkubwa (siye mama yako, tulia). Mashine yake ya chapa ilikuwa inapiga kelele, hata hakuwa anatusikia, lakini mimi niliona kama dunia nzima imesikia seremala ananiambia niangalie tena.

"Fundi," nikasema, "minyi njo dessinateur. Weye kata."

Akakata.

Ngoie, katika kazi yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniambia angalia tena bila sababu. Wengine sababu yao ilikuwa mbovu, lakini ilikuwepo. Mtu mwenye mbao mikononi huiona nyumba kabla yako, kwa sababu yeye ndiye atakayeibeba. Wewe utakuwa na diplome, na utakuwa msichana katikati ya mafundi wanaume, na utajiona lazima usimame imara. Simama. Lakini mtu akikuambia uangalie tena, angalia tena. Hutapungua kitu.

Mbao zikafika. Wakaunga jozi ya kwanza, nusu kwa nusu, wakaiinua ikapita katikati ya kuta mbili bila kugusa hata mmoja. Ya pili na ya tatu ni vilevile. Na mvua za mwezi wa kumi na moja zilikuwa zimeshaanza. Kabla mbao nyingine hazijapatikana, ukuta wa nyuma ulikuwa umekwenda na maji, kisha wa pembeni. Zahanati ile haikumalizika msimu ule wala msimu uliofuata. Watu wa kule waliendelea kubeba wagonjwa wao juu ya baiskeli, kwa zile njia unazozijua, mpaka Bukama. Sijui walikuwa wangapi na sitaki kujidai nilihesabu. Ila kila nilipoona baiskeli imebeba mtu aliyefunikwa blanketi niligeuza uso.

Habari ilipofika Kamina ilikuwa imeshapata miguu na mikono. Banza amekata fupi makusudi. Vipande vilivyobaki amejitengenezea meza. Na kwa bahati mbaya Banza alikuwa na meza mpya nyumbani kwake. Ilikuwa ya mti mwingine kabisa, mtu angeijua hata kwa kunusa, lakini nani alikwenda kunusa?

Siku ile ile niliposikia, nilibaki bureau wenzangu walipokwenda kula. Nikatoa plan, nikageuza kutch, nikapima. Kwa hiyo elewa vizuri: Chef Mutombo alipotuita sote wawili kesho yake, mimi nilikuwa najua.

Banza alilaza fito yake mezani. Chef alilaza plan kando yake, akaniambia, "Pima." Nikaweka kutch, safari hii upande sahihi, nikasoma: mita nne. Chef akachukua mita akapima fito mpaka kwenye alama ya paa. Tatu na ishirini.

Banza akaninyooshea kidole, taratibu tu. "Ni huyu mwana njo alinisomea."

Chef akanigeukia. "Ulimusomea ngapi?"

Nafasi ilikuwepo. Hilo nataka ulijue, kwa sababu watu wakisimulia makosa yao hupenda kusema hawakuwa na njia. Mimi nilikuwa na njia pana kama mlango wa gare. Ningesema nimekosea upande wa kutch. Ningekaripiwa, labda ningerudishwa kuosha tire-ligne mwaka mmoja, na Mutombo mwenyewe alianzia huko, kisha ingekwisha.

Nilisema, "Ine." Yaani nne.

Banza hakupiga kelele. Aliniangalia kama alivyokuwa akiangalia ubao uliopinda baada ya kurandwa, anaona kasoro ilikuwa ndani tangu mwanzo na yeye hakuiona. Kisha akasema, "Aya. Kama ni ine, ni ine." Akavaa kofia yake. Fito hakuichukua. "Hii mubaki nayo," akamwambia Chef, na akatoka.

Chef aliamuru fito ikatwe kuni. Mimi nikasema nitaikata nyumbani. Sikuikata.

Kazi ya bureau Banza hakuipata tena, na kazi za watu zikapungua, maana nani atampa mbao zake mtu anayefupisha? Watoto shuleni walianza kuwaita watoto wake jina la Fupisha. Mwaka uliofuata alipakia vitu vyake akahamia Luena na familia nzima. Watu wakamsahau, wakabaki na lile neno, kukata Banza, na siku hizi hata mafundi wanaolisema hawajui kwamba lilikuwa jina la mtu.

Na mimi nikapanda cheo. Chef Mutombo alipostaafu aliwaita wafanyakazi wote, akalinyanyua sanduku mbele yao. Alisema, "Huyu hajawahi kukosa kipimo." Wakapiga makofi. Nikalipokea kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka, nikashukuru, "Wafwako, Chef." Ningefanya nini, ningelikataa? Ndiyo, ningelikataa. Niliona hilo nikiwa njiani kurudi nyumbani, nalo liko kwapani, na sikurudi nyuma.

Kwenye calque, ukikosea mstari unaukwaruza kwa wembe. Polepole, wembe ukilala, kisha unasugua pale kwa ukucha ili wino mpya usitambae. Unaweza kukwaruza mara mbili, mara tatu, ya nne karatasi inatoboka. Na hata ufanye vizuri namna gani, ukiinua calque kwenye dirisha, mwanga unaonyesha. Plan zangu zote zina makwaruzo na sikuwahi kuyaonea haya. Lakini lile neno langu halikuwa na alama yoyote. Kila mtu aliliona safi. Nilivyozidi kuzeeka, usafi wake ndio ulionikosesha raha.

Uliwahi kuniuliza kwa nini ukingo mmoja wa kutch ni mwekundu, nikakujibu rangi ilimwagika. Haikumwagika. Niliupaka mwenyewe, ule wa mia na ishirini na tano, ili nisiukose tena hata nikiwa usingizini. Mashine yenu nayo lazima ina ukingo kama huo mahali fulani. Utafute, upake rangi yako.

Watu wanasema baba yako ni mtu wa makini. Umakini wangu ni hofu ya asubuhi moja. Na nimegundua kitu kibaya zaidi, ambacho nyinyi humu ndani mmekionja: mtu aliyeficha kosa lake huwa mkali kwa makosa ya wengine. Daftari zako nilizokurudishia uandike upya. Kaka zako niliowafokea kwa mlango kutofungwa vizuri. Ile tire-ligne. Ningesema neno moja siku ile mbele ya Chef, nadhani mngekuwa na baba mpole zaidi. Siwezi kuthibitisha, lakini nadhani.

Fito unaijua. Ni ile iliyoning'inia kwa waya chini ya baraza, tunapoanika nguo wakati wa mvua. Mulombwa hauliwi na mchwa, kwa hiyo imekaa. Ulipokuwa na miaka saba ulisimama juu ya kiti ukaweka kidole kwenye alama, ukauliza, "Baba, hii njo nini?" Nikasema kisu kiliteleza. Yaani hata Banza hakuwepo, hata Chef alikuwa ameshazikwa, na bado nikakisingizia kisu chake.

Jumapili ya wiki iliyopita, baada ya ibada, nilikaa na mtu mmoja wa reli anayetoka Luena. Tulikuwa tunaongea mambo ya viti vya kanisa vinavyoyumba. Akasema kwao yuko mzee mmoja kutoka Kamina zamani, Fundi Banza, macho yamekwisha kabisa lakini bado anaranda mbao kwa vidole, na viti vyake haviyumbi. Nilimwomba arudie jina. Akarudia.

Nikarudi nyumbani nikamwandikia Banza barua, kurasa mbili, nzuri. Nilipoikunja ndipo nikafikiri: nani atamsomea? Mjukuu, au katekista. Mtu mwingine atashika karatasi, atasoma, na Banza atakaa pale aamini kile anachosomewa. Hapana. Alisomewa mara moja na ikamharibia jina. Barua ile niliitia kwenye makala ya moto jikoni, ikaungua. Nitakwenda Luena mwenyewe.

Siku hiyo ndipo nilimwambia mama yako. Alikuwa anakunja shuka. Akamaliza rundo zima, kisha akasema, "Basi minyi miaka yote naanikaka nguo yako juu ya uwongo yako." Nikamjibu ndiyo. Akatoka barazani, akatoa nguo zote kwenye fito, moja moja, akazitandaza juu ya majani. Jioni akaniuliza swali moja tu: "Na mutoto utamupa sanduku bila kumwambia?"

Kwa hiyo nakuambia. Sikuandiki ili unihurumie, wala ili uone kwamba baba yako mwishoni ni mtu mzuri. Nimechelewa karibu miaka arobaini, na gharama ya kuchelewa kwangu aliilipa mwingine. Nakuandikia kwa sababu utashika vyombo hivi, na siku moja utakosea navyo au kwa mashine, na mtu atakugeukia akuulize ulisoma ngapi. Siku hiyo sitakuwepo kukusaidia. Nataka uwe umeshajua jibu langu lilizaa nini.

Nitakachomwambia Banza nimekifanyia mazoezi bafuni. Kwa Kiswahili chetu, bila mapambo: "Fundi, nilikusomea tatu na makumi mbili. Weye ulikata muzuri." Kisha nitampa fito aipapase, alama zake atazijua. Baada ya hapo sijui. Anaweza kunikaribisha, anaweza kunifukuza, ana haki ya vyote. Nikirudi Kamina nitakwenda soko la mbao, pale mafundi wanapokaa asubuhi kungoja kazi, nitawasimulia Banza ni nani na nani alikata fupi. Wakitaka neno jipya watumie jina langu, liko tayari.

Kesho kwenye gare utaniona na valizi yako mkono mmoja na fito begani. Watu watacheka. Mama yako anasema contrôleur wa treni atanidai bilyeti ya fito, kana kwamba nayo ni abiria. Nilifikiri niikate katikati ili iingie vizuri kwenye wagon, nikaona hapana, itapitia dirishani. Wewe usiniulize kitu mbele ya watu. Tutakaa pamoja, tutakula mikate ya mama yako, na tukishavuka daraja la Bukama uniulize unachotaka. Nitakujibu vyote, hata vile vya aibu. Hata ukitaka kunyamaza, nitanyamaza nawe.

Nyumba hii itakuwa tupu bila wewe, Ngoie. Nitakaa jioni nisikilize nani anaimba jikoni na hapatakuwa na mtu. Nakupenda. Nimeandika kwa wino, na hapo sitakwaruza.

Naona mnakuja, mama yako amebeba kitu kichwani, bila shaka ni kuku mwingine wa safari. Namalizia.

Treni ikisimama Luena usishuke kunisindikiza, wala usinishikie fito. Kaa na sanduku lako, kama umelichukua. Mimi nashuka pale. Wewe endelea.

Tata yako